Binti yangu na mdogo wake hawapatani, nifanyeje?

Mama wa wawili, Tanga
Assalaam alaykum. Nina binti wa miaka kumi na mdogo wake wa kiume wa miaka sita, na tangu shule zifungwe nyumba haikaliki. Asubuhi wanagombania kiti cha dirishani, mchana rimoti. Jana binti alimfinya mwenzake hadi kucha zikaacha alama mkononi. Kila mara humwambia mkubwa amwachie mdogo, lakini naona chuki inazidi. Wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu wa chekechea
Wa alaykum salaam, dada. Nadhani kinachochochea ugomvi ni hilo agizo la kumwachia mdogo. Binti alikaa miaka minne akiwa peke yake mapajani mwako, kisha akaja mwingine. Ukimdai avumilie kwa sababu ya umri tu, atamwona mdogo wake kuwa ndiye anayemnyang'anya, na mdogo naye atajua kwamba akilia anapewa. Weka zamu ya rimoti kabla hawajagombana, uiandike kwenye kalenda ya ukutani, na wakivutana televisheni izimwe bila kuuliza nani kaanza. Kufinyana ni jambo jingine: watenganishe papo hapo, mhudumie aliyeumia, na maelezo yasubiri mpaka wapoe.

Baba Mombasa
Naafikiana na Mwalimu, ila hilo la kutouliza nani kaanza lina mipaka, kwa maana mmoja akiwa ndiye mwonevu kila siku, kuwaadhibu wote ni dhuluma. Sote tunaijua hadithi ya Sahaba Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi, Mtume (S.A.W.) akamuuliza baba huyo kama watoto wake wote amewapa vivyo hivyo. Mimi naona uadilifu huo unagusa hata sifa: ukimsifu mmoja kwa kumshusha mwenzake, umeshawagombanisha. Wape pia kazi isiyowezekana bila watu wawili. Wangu huwapa shuka za kukunja, kila mmoja akishika ncha zake, na asiyemsubiri mwenzake shuka humporomokea.

Mama wa wawili, Tanga
Ahsanteni. Je, vitu vyote viwe vya pamoja?

Mwalimu wa chekechea
Hapana, dada. Kila mmoja awe na sanduku lake lisilofunguliwa bila idhini, hata na wewe. Mtoto mwenye hakika kwamba chake hakitaguswa huwa mwepesi zaidi wa kumwazimisha mwenzake. Rimoti, kiti na baiskeli ndivyo viwe vya zamu.