Mrejesho: Spitfire yangu na kioo kilichoingia ukungu

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza kwa nini Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Waingereza ninayounda kama modeli ya plastiki kwa kipimo cha 1/48, imeingia ukungu kwenye kioo cha rubani, na kwa nini stika za maji (zile za kulowekwa kabla ya kubandikwa) zinaonyesha weupe kama fedha pembeni.

Kioo kilikuwa kosa langu. Nilikibandika kwa supaglu, kumbe mvuke wake huacha weupe kwenye plastiki angavu. Nimekibandua kwa wembe, roho juu juu, nikakisugua na dawa ya meno, kisha nikarudishia kwa gundi nyeupe ya maseremala. Sasa hata usukani unaonekana.

Stika nazo zilinasa hewa kwa sababu rangi ya chini ilikuwa na mikwaruzo midogo. Nimefuata mlivyosema: vanishi ya kung'aa kwanza, stika, halafu vanishi isiyong'aa juu. Ila hapa Jinja mvua haina adabu. Nilipuliza asubuhi yenye unyevu, bawa zima likawa jeupe kama limemwagiwa unga wa posho! Nikangoja jua la saa nane, nikapuliza upya kidogo kidogo, likatulia.

Mwanangu aliuliza kama vile viraka vyekundu vinane mbele ya mabawa ni damu. Nikamwambia ni vitambaa vya kuziba midomo ya bunduki za Browning, baridi ya juu isizigandishe.

Waya wa antena nimetumia unywele wa wigi la mama yake. Bado hajajua.