Mbwa dume akikwama mkojo, tupeane uzoefu

Mlezi wa Tiger
Wadau wa mbwa hapa Nairobi, naanzisha hii kwa sababu wiki jana nusura nimpoteze Tiger na hadi leo nikisikia akilia nashtuka. Ni dume wa miaka sita, Jumamosi jioni nikamwona ameinua mguu pale ukutani, anakaa hivyo, anakaa, hakuna kitu. Anaenda kwa maua anajaribu tena, mara anachuchumaa anajikaza kabisa, nikasema choo kimefunga, nikampa malenge nikalala. Asubuhi ametapika na tumbo limekaza, ukigusa anaruka. Veti alimshika tu huku nyuma ya tumbo akasema hiki ni kibofu kimejaa. Eksrei ikaonyesha vijiwe vitatu kama punje za mtama vimejipanga njia ya mkojo inapopita kwa mfupa wa uume, kumbe dume ana mfupa huko ndani na mrija hauna nafasi ya kupanuka hapo!! Wakampitishia mpira mwembamba, wakasukuma maji ya chumvi vijiwe vikarudi kibofuni, mkojo ukatoka mwekundu kama chai ya rangi. Kesho yake akapasuliwa. Nimeambiwa mkojo ukifunga kabisa figo zinalemewa, potasiamu inapanda kwa damu na moyo unaweza kusimama, kibofu pia kinaweza kupasuka. Nyinyi iliwatokea aje?

Kahawa West
Pole sana. Wangu alikuwa jamii ya German Shepherd, miaka tisa, hajahasiwa. Kwake ilianza na matone ya damu sakafuni pale anapolala, hata kama hajakojoa. Halafu nikaanza kuona kinyesi kinatoka bapa kama utepe, hiyo ndiyo ilinishtua. Ilikuwa tezi dume imefura, inafinya huku na huku. Akahasiwa, akapewa na antibiotiki kwa sababu tezi ilikuwa na maambukizi, baada ya wiki kadhaa damu ikaisha kabisa.

Baba Rex
Na msisahau kupe. Wangu Embakasi alikuwa anakojoa vizuri tu, mkojo mwingi, lakini rangi kama kahawa, ufizi mweupe, hataki chakula. Veti alipima damu akasema homa ya kupe. Hiyo pia si ya kungoja.

Nyokabi wa Rongai
Mimi naandika hii nikiumia. Wangu alikuwa anajilamba huko chini siku mbili, anatoa tone moja moja, nikaenda agroveti ya mtaani. Kijana wa pale hata hakuuliza ni mbwa dume au jike, akanipa antibiotiki, na mimi nikaongeza ibuprofeni ya nyumbani nikidhani namtuliza maumivu. Kumbe ile dawa inaumiza tumbo la mbwa na inamaliza figo, na zake zilikuwa tayari zimelemewa. Jumatatu nilipomfikisha kwa veti hakuwa anasimama. Hakurudi nyumbani. Tafadhali msimpe mbwa dawa ya binadamu bila kuuliza.

Mlezi wa Tiger
Pole sana Nyokabi, pole kabisa. Ulikuwa unampenda na ulitaka apoe.

Donholm 3
Samahani, naomba msaada haraka. Wangu tangu saa kumi jioni anainua mguu kila mahali, nimehesabu mara nane, inatoka matone tu, saa hii amejificha chini ya meza anatetemeka. Nimpe maji mengi halafu nimpeleke asubuhi?

Kahawa West
USINGOJE ASUBUHI. Usimlazimishe maji, usimfinye tumbo. Piga simu kwa veti anayefungua usiku, mwambie ni dume na mkojo hautoki, akuandalie mpira kabla hujafika. Kama una chombo kinga hayo matone ubebe.

Donholm 3
Nimempata mmoja anapokea usiku. Jirani amewasha gari, tumemlaza kwa blanketi huku nyuma, tunatoka.