Wadau, unga wa kitunguu saumu unaganda kopo zima, nifanyeje?

Karafuu_Tupu: Habari za humu wadau, naomba ushauri. Unga wa kitunguu saumu na wa kitunguu maji kila nikiuweka kabatini baada ya muda nakuta umeshikana donge moja, kijiko hakiingii mpaka uchokonoe na kisu. Kinachonishangaza pilipili manga na mdalasini viko palepale pembeni na viko safi kabisa. Makopo yote yana mifuniko ya kubana. Shida ni kopo au? Na huo ulioganda bado unafaa au nitupe?

Mzee_wa_Jiko: Kopo halina kosa mkuu. Kitunguu kikikaushwa kinabaki na sukari nyingi, na sukari hizo zinavuta unyevu hewani, chembe za unga zinaanza kunata kwa nje zinashikana, zikikauka tena ndo linakuwa jiwe. Mdalasini ni gome la mti, hauna hayo mambo. Sasa jiulize unyevu unaingilia wapi, na mara nyingi ni pale mtu anapotikisa kopo juu ya sufuria inayochemka, mvuke unapanda unaingia ndani halafu anafunga mfuniko, yaani kaufungia humohumo, na hapo mfuniko ukiwa mzuri ndo unazidi kudhuru. Mimina kwenye kijiko kikavu mbali na jiko ndo utie. Kabati likiwa juu ya jiko, hamisha makopo.

dada_iliki: Nakazia hapo kwa mzee. Gawa mara mbili, kikopo cha kila siku, na chupa ya kioo ya akiba inayofunguliwa wakati wa kujaza tu.

Karafuu_Tupu: Shukrani sana. Vipi nikiweka friji? Na ule mchele watu wanaoweka ndani unasaidia?

Binzari_Kavu: Friji kwa kopo la kila siku hapana. Ukilifungua likiwa baridi, unyevu wa hewa ya joto ukigusa unga unageuka maji. Akiba ya muda mrefu unaweza kuweka friza, ila ukiitoa usifungue mpaka baridi iishe yote. Mchele unasaidia kidogo, ukishashiba unyevu haufanyi kitu tena na watu wanauacha humo miezi. Bora vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vilivyoandikwa kabisa ni vya chakula, sio vile vya kwenye boksi la viatu. Viwandani mara nyingi silika hiyo wanaichanganya na unga wenyewe ili usigande, soma lebo unaweza kuikuta kwa jina la silikoni dioksaidi au namba E551.

Mzee_wa_Jiko: Sijajibu la kutupa. Kama harufu ni ileile na hauna madoa, vunja, tandaza kwenye trei, oveni moto wa chini kabisa, uache upoe wote ndo usage tena. Ukinuka uvundo au ukiona ukungu tupa kopo zima, usichague pazuri, maana sumu za ukungu nyingine haziishi hata ukipika.

dada_iliki: Ila beking pauda usiikaushe hivyo, ikiganda ina maana ilishaanza kufanya kazi na maji. Tia kijiko kidogo kwenye maji ya moto, isipotoa povu la nguvu haiumui kitu. Na mnaosaga wenyewe, blenda inapasha unga joto, tandazeni upoe kwanza kabla ya kufunga.