Naomba ushauri: Noeli iendelee nyumbani hata Januari

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Naombeni mawazo yenu, hasa wenye watoto wadogo.

Kalenda yetu Wakatoliki inaendeleza Noeli hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, ila nyumbani kwetu huisha pilau likiisha. Ada na kodi vikianza kubana, tunarudia kufokeana. Inaniuma, maana wale wachungaji wa Luka 2:20 walirudi kwenye kazi yao ileile huku wakimtukuza Mungu. Natamani na sisi turudi hivyo.

Tumejaribu kusoma Injili kidogo kila jioni baada ya chakula, na hilo limeshika. Kilichokwama ni kutoa. Tulikubaliana kila mtu ampe jirani mwenye shida nguo moja nzuri, si chakavu (Luka 3:11). Mdogo, wa darasa la pili, alikumbatia gauni lake la sikukuu akalia mpaka akalala nalo.

Je, nimsisitize atoe, au nimwache kwanza atuone sisi wazazi tukitoa? Na kwenu, ni jambo gani moja la Noeli mnaloweza kulishika mpaka Kwaresima, hata mfuko ukiwa mtupu?