Kanda 37 za MiniDV na kamera inayochoka: nianzie wapi?

Enyau_Filamu
Habari zenu ndugu. Niko Arua. Kati ya 2004 na 2009 nilirekodi filamu yangu ya kwanza kwa MiniDV, zile kanda ndogo za video, 37 za dakika 60. Tuliigiza sokoni na kando ya mto Enyau, kwa Kiswahili na Kilugbara. Pesa ikaisha kabla ya uhariri. Waigizaji wangu wawili wameshafariki, nami nataka kuimaliza kwa ajili yao.

Kamera niliyobaki nayo inasoma, ila mara nyingine picha inavunjika miraba miraba na sauti inakatika. Fundi mmoja alinihamishia kanda moja kwa zile waya za njano, nyekundu na nyeupe, akanipa DVD. Nyuso zimefifia, rangi zimevuja. Ndivyo kanda ilivyo, au nimepotezewa kitu?

Mhariri_Jinja
Pole sana kaka. Umepotezewa, ila kanda bado inacho. MiniDV ni dijitali tangu siku uliporekodi, picha ya PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu, nukta 720 kwa 576. Waya ya njano inaigeuza kuwa analogi, halafu DVD inaibana upya. Pitia FireWire, waya ya data inayochomekwa kwenye kale katundu ka kamera kalikoandikwa DV au i.LINK. Hapo unanakili data ile ile, haipungui chochote. Tundu la USB liache, kwenye kamera nyingi za miaka ile lilikuwa la picha za mnato.

Tafuta kompyuta ya mezani, uiwekee kadi ya FireWire, utumie programu ya kunakilia ya WinDV kama una Windows, au dvgrab kama una Linux. Saa moja ni karibu GB 13, kwa hiyo kanda zako zitakula kama GB 480. Nunua diski mbili, nakala mbili. Na uwe na subira: kanda ya saa moja huhamishwa kwa saa moja, umeme ukikatika unarudia.

DadaLenzi_Entebbe
Kabla ya hayo, hiyo miraba mara nyingi ni kichwa kichafu, yaani kile kinachosoma utepe ndani ya kamera. Tumia kanda kavu ya kusafishia, sekunde 10 tu, usizidishe, inakwangua. Huku ziwani kuvu hushika kanda: ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, usiiingize kwenye kamera, utachafua na nyingine zote.

Halafu, ulirekodi SP (mwendo wa kawaida) au LP (mwendo wa polepole)? LP huandika mistari ya mikroni 6.7 badala ya 10, dakika 60 zikawa 90. Mara nyingi kamera nyingine hushindwa kuisoma, inataka ile iliyoirekodi.

Enyau_Filamu
Asanteni kwa moyo wote. Nimesafisha, kanda ya kwanza imeingia nzima kwa FireWire. Kope za mzee wetu nazihesabu.

Dada, nimepekua makasha yote. Ni SP, isipokuwa kanda ya 12, nimeandika LP kwa mkono wangu. Ndiyo yenye tukio lote la mtoni, na kamera hii inaonyesha miraba mitupu. Tuliirekodi kwa kamera ya kwanza, niliyoiuza 2010. Aliyeinunua yuko Koboko. Jumamosi napanda matatu, naenda na kanda mkononi.