Wapika keki mnaoficha bitiruti kwenye keki za chokoleti bila kutuambia, acheni!

Wakuu, hasira niliyonayo ni ya siku 4 na naomba mtu asiniambie nipoe. Someni kwanza.

Jumamosi iliyopita binti yangu alitimiza miaka 6. Keki nilimwagiza dada mmoja anayepikia nyumbani kwake, hapa hapa Dar. Kilo 2, shilingi 90,000, nusu nikatanguliza na nusu nikamalizia siku ya kuchukua. Oda iko kwenye simu yangu mpaka sasa: "Keki ya chokoleti, krimu ya chokoleti, andika jina la mtoto." Akajibu, "Sawa mpenzi." Hakuna mahali mboga ilipotajwa.

Keki ilikuwa nzuri, sitamsingizia. Laini, ina unyevunyevu, weusi umekolea. Nilipokuwa naikata niliona kwenye kisu kijiuzi chembamba cha rangi ya zambarau, nikadhani ni rangi ya chakula haikuchanganyika vizuri. Nikakifuta kwa kidole, nikaendelea kugawa. Mwenye siku yake aliomba kipande cha pili, akaomba cha tatu, nikampa.

Saa 11 alfajiri naamshwa. "Mama, nimekojoa damu."

Choo chetu ni cheupe. Mkojo ulikuwa umetulia pale chini, mwekundu kama maji ya rozela, na mtoto amesimama pembeni kakunja gauni lake la kulalia mkononi, miguu inatetemeka. Aliniuliza kama atakufa. Mtoto wa miaka 6!

Mnajua niliwaza nini? Kichocho. Likizo ya Desemba alikuwa kwa bibi yake Shinyanga, na nilishasikia kwamba alikuwa anashinda na wenzake kwenye lambo. Kwetu mtoto akikojoa damu hakuna anayewaza keki. Nilimpigia mama mkwe alfajiri ile ile, akaanza kulia kwenye simu, anajilaumu yeye kwamba ndiye aliyemwachia mtoto aende majini. Baba yake yuko safarini. Nikachukua bajaji na mtoto mgongoni, nimevaa kanga na ndala zisizofanana.

Hospitali tukaandikiwa mkojo, damu na picha ya kibofu na figo. Shilingi 78,000 ikaondoka asubuhi ile. Sindano ya damu walimchoma mara mbili kwa sababu mshipa ulikwepa. Majibu yakarudi: kwenye mkojo hakuna damu, hakuna mayai ya kichocho, picha safi. Daktari akaangalia karatasi, akamwangalia mtoto, akauliza, "Mama, jana alikula bitiruti?" Nikamwambia hapana, na nikaapa. Kala pilau, kuku na keki. "Keki ya nini?" Ya chokoleti. Akasema nimpigie aliyeipika.

Nilimpigia nikiwa koridoni. Akacheka. "Eeh dada, naweka bitiruti. Yako niliweka 4 kubwa, nachemsha nasaga, nyingine nachanganya kwenye krimu. Ndiyo inayofanya keki inakuwa laini vile. Si ni afya lakini?" Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akajibu, "Ningekuambia usingechukua."

Hilo jibu ndilo lililonileta hapa. Kumbe alijua kabisa kwamba ni kitu ambacho mnunuaji angetaka kujua, akakinyamazia kwa sababu hiyo hiyo.

Daktari alinieleza vizuri. Kati ya watu 100, kama 10 hadi 14 hivi wakila bitiruti rangi yake inatokea kwenye mkojo. Haidhuru. Ila huwatokea zaidi wenye upungufu wa madini ya chuma, kwa hiyo binti yangu atarudi kufuatiliwa damu. Kwa hilo nashukuru. Lakini ningeambiwa neno moja tu, "ina bitiruti," ile alfajiri ningemwambia mwanangu ni rangi ya keki, arudi kulala.

Na msiniambie ningeijua kwa kuonja au kuangalia. Haionekani! Bitiruti ikiingia kwenye oveni wekundu wake unafifia unaelekea kahawia, hasa mchanganyiko ukiwa na magadi ya kupikia, halafu kokoa inafunika kilichobaki. Ule ukakasi wake wa udongoudongo nao unamezwa na chokoleti. Ndiyo maana wanaificha kwenye chokoleti na si kwenye keki ya vanila.

Kibaya zaidi, kwenye sherehe ile alikuwepo mjomba wangu ambaye anasafishwa figo mara mbili kwa wiki. Huyu kila anachotia mdomoni anakipima, kakatazwa vyakula vyenye potasiamu nyingi, na bitiruti ni mojawapo. Alikula kipande kwa amani kwa sababu niliyemwambia ni chokoleti tu ni mimi. Kwa bahati nzuri hakikumletea shida. Mimi nimebaki na aibu ya kumdanganya mtu mzima bila kujua.

Halafu hiyo afya mnayoihubiri kwenye status zenu. Tufanye bitiruti 4 kubwa zilikuwa gramu 600. Keki nilikata vipande 24. Kila kipande kinapata gramu 25, na sehemu kubwa ya hizo ni maji, maana katika gramu 100 za bitiruti karibu 88 ni maji. Sukari iko pale pale. Mtoto hajafundishwa kula mboga hapo, amefundishwa kula keki.

Bibi yake huko Shinyanga analima viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Walioviendeleza na kuvisambaza, akiwemo Mganda Robert Mwanga, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Hivyo viazi havikufichwa kwenye kitu. Ile rangi ndiyo ilikuwa tangazo, mama anaambiwa mpe mtoto hiki, kina vitamini A, anakiona, anachagua mwenyewe. Binti yangu anavila vimechemshwa, na maganda anamenya mwenyewe.

Mimi sina ugomvi na bitiruti. Pikeni keki ya bitiruti, ya maboga, ya karoti, ya viazi, tangazeni, nitanunua. Lakini biskuti ya dukani ya shilingi 500 imeandikwa viungo vyake vyote kwenye pakiti. Wewe unayechukua 90,000 unashindwaje kuandika kwenye meseji maneno mawili?

Pesa ya keki sijamdai, keki tulikula. Nimemdai 78,000 za hospitali, na aandike kwenye ukurasa wake kwamba keki zake za chokoleti zina bitiruti, ili wateja wengine wajue. Meseji kaisoma jana saa 3 usiku. Leo asubuhi kapandisha picha ya keki nyingine ya mtoto, kaandika "chokoleti tupu".