"I expect" ya Mzungu: ananiamuru au anakisia tu?

Nahodha Mchanga, Bagamoyo

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Mimi natembeza wageni hapa Bagamoyo: magofu ya Kaole yenye misikiti ya kale, Ngome Kongwe, kanisa la misheni, jioni tunamalizia soko la samaki. Juzi imeingia barua pepe ya mama mmoja wa Uingereza anayekuja na mumewe. Nanukuu kipande chake:

"I'm expecting my sister from Nairobi, so there will be three of us. I expect you're very busy in July. I expect the guide to stay with us all day. Are we expected to cover our heads at Kaole?"

Mwenzangu ofisini kaisoma, kasema huyu mama mkorofi, hajafika keshaanza kutoa amri, tupandishe bei. Mimi naona amri iko sehemu moja tu, ila nikiulizwa kwa nini, sina cha kusema. Shuleni tuliambiwa "expect" ni kutarajia, basi, tukafunga daftari.

Kuna na hili: kwenye jibu letu mwenzangu anataka iandikwe "We are looking forward to receive you". Mimi nasema "receiving". Yeye anashikilia kwamba baada ya "to" kitenzi hakina "-ing", ndivyo alivyokaririshwa. Nani yuko sahihi?

Bi Mkonge, Tanga

Marahaba mwanangu. Nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Tanga mpaka nikastaafu. Bei muiache ilivyo.

Tuanze na huyo dada wa Nairobi. "I'm expecting" ikifuatwa na mtu au kitu, maana yake jambo limeshapangwa na liko njiani: mgeni, simu, mzigo. Mwanamke akisema "I'm expecting" akaishia hapo, ujue ni mjamzito. Sisi nasi twasema fulani anatarajia, na hakuna anayeuliza anatarajia nini.

"I expect you're very busy" ni kitu kingine kabisa. Hapo hatarajii chochote, anakisia. Ni kama amekuambia "bila shaka mna kazi nyingi". Waingereza wanaipenda sana hiyo wakitaka kulainisha maneno. Wamarekani wengi hapo wangesema "I guess". Mama wa watu anakutaka radhi kabla hajakusumbua, nanyi mwamwita mkorofi!

"I expect the guide to stay with us", haya, hapo umeona sawasawa. Hilo ni sharti. Mkuu wetu wa shule hakuwahi kupaza sauti. Alikuwa akisema taratibu, "I expect teachers to be in class by half past seven", na saa moja na robo uwanja wote umejaa walimu wanakimbizana na chaki.

"Are we expected to" ni kuuliza desturi: wenyeji mnataka tufanyeje? Swali la adabu hilo. Mjibuni.

Tishari, Tanga

Shikamoo Mwalimu. Niko kwenye kazi za meli, na hapo naona utata. Sisi kila siku tunaandika "The vessel is expected to berth on Tuesday". Kuna "expected", kuna "to", na hakuna anayeiamuru meli. Na "I expect it to rain" je? Mvua nayo imepewa sharti?

Bi Mkonge, Tanga

Marahaba. Ndiyo maana sikusema ni kazi ya "to". Tazama aliyetajwa kama ana masikio ya kutii, na kama msemaji ana nafasi ya kumdai. Mvua haisikii, meli haisikii, kwa hiyo huo ni ubashiri. Shabiki akiwa jukwaani akisema "I expect Coastal to win", anabashiri. Kocha akiwageukia wachezaji chumbani, "I expect you to win", hapo watu wanafunga viatu upya.

Na amri yaweza kuja bila hiyo "to" hata kidogo. Oktoba 21, 1805, kabla ya vita vya Trafalgar, Admirali Nelson alitaka kuwapelekea mabaharia wake ujumbe wa bendera kwamba Uingereza ina imani kila mtu atatimiza wajibu wake. Kitenzi alichochagua ni "confides". Ofisa wake wa ishara, John Pasco, akamwomba aweke "expects", kwa sababu hilo lilikuwamo tayari kwenye kitabu cha ishara, na "confides" ingebidi ipandishwe herufi kwa herufi. Nelson akakubali, ikapanda "England expects that every man will do his duty". Kwa hiyo mabaharia waliokuwa waambiwe wanaaminiwa wakaambiwa wanadaiwa, kisa kupunguza bendera!

Tishari, siku ukiona wameandika "is supposed to berth on Tuesday", usiwahi kwenda gatini. Mwandishi mwenyewe ameshaanza kuwa na shaka.

Nahodha, sasa la "to". Hiyo ya "look forward to" ni sawa na ya "listen to", inangoja jina. Jaribu kuweka jina uone: "look forward to your visit". Imekaa. Basi kitenzi kikija hapo lazima kivae "-ing", kwa hiyo wewe ndiye sahihi. Ila "receiving" iacheni, mgeni si kifurushi. Andikeni "welcoming".

Na tafadhali, msije mkaandika "We hope you to enjoy". "Expect you to" ipo, "want you to" ipo, "hope you to" haipo. Ni "We hope you enjoy your stay", yatosha, hata kama bado hawajafika. Kuna na "I depend to travel tomorrow", inayotokana na hii "nategemea kusafiri" yetu. Hiyo nimeisahihisha mpaka kalamu nyekundu zikaniishia.

Kobe wa Pangani

Mwalimu, bosi wangu ameniandikia "I hope you'll finish this today". Hiyo ni hope au expect?

Bi Mkonge, Tanga

Maliza kazi, mwanangu.

Nahodha Mchanga, Bagamoyo

Ahsante sana Mwalimu. Mwenzangu kasoma yote, kanyamaza. Jibu letu ni hili:

"We don't expect to be too busy that week. Your guide will be with the three of you all day. We look forward to welcoming you to Bagamoyo. Kindly expect my call."

Bi Mkonge, Tanga

Nzuri mpaka mstari wa mwisho. "Expect my call" inasikika kama mdai wa mkopo. Andika "I'll call you on Friday", au siku yoyote utakayopiga kweli. Halafu swali lake la kufunika vichwa bado hujalijibu.